Mwenye Santuri na Mwenye Kinanda

Kazini walimwita Dada Gundi, naye hakuchukia, kwa sababu ilikuwa kweli. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akijalidi vitabu katika chumba cha nyuma cha kiwanda kidogo cha uchapaji, na gundi ilikuwa imemwingia kwenye kucha kiasi kwamba hata siku ya harusi ya mdogo wake alishinda ameificha mikono nyuma ya mkoba. Lakini alikuwa fundi hasa. Kitabu kililetwa kimechanika mgongo, kurasa zimelegea kama meno ya mzee. Yeye akakishona, akakipaka gundi, akakibana kwenye shinikizo, na mwenyewe alipokuja kukichukua akadhani amepewa cha mtu mwingine. Mume hakuwa naye. Aliwahi kuwa naye, wakashindwana mapema, na kwa waliotaka kuchimba habari hiyo alikuwa na jibu moja tu: "Kilichochanika vibaya hakijalidiwi."

Alichokuwa nacho ni santuri. Mia moja na kumi na nne, za marehemu baba yake, kila moja ameitengenezea jalada jipya la karatasi ngumu na kitambaa mgongoni. Baba yao alipokuwa anaumwa aliwaita watoto wake wawili akagawa mali, na mali yenyewe ilikuwa hiyo. Santuri akampa binti. Kinanda cha kuzipigia akampa mwanawe wa kiume, yule wa mwisho, ambaye nyumbani aliitwa Kitinda tangu utotoni na bado anaitwa hivyo leo na kitambi chake. "Asiyemtembelea mwenzake," mzee akasema, "atakaa kimya." Akacheka mpaka akakohoa.

Basi wakatembeleana. Kila Jumapili saa tisa alasiri Dada Gundi alitia santuri nane kwenye mfuko wa turubai, akavuka mitaa mitatu kwa miguu, akabisha hodi kwa mdogo wake. Walikuwa na sheria moja: aliyeleta santuri ndiye anayeshusha sindano. Kitinda aliwasha mtambo, akakaa kwenye kochi, akavua viatu, akasubiri kama mtoto anayesubiri kupakuliwa. Dada mtu ndiye aliyeamua siku ianze na wimbo gani na iishe na upi. Wiki nzima kiwandani aliamriwa; Jumapili aliamuru yeye. Hayo yalikwenda miaka sita, na katika miaka hiyo hakukosa Jumapili hata moja.

Kisha Kitinda akaoa.

Kitinda alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na mke alimpata hukohuko hospitali. Mwanamke mwenyewe kazi yake ilikuwa kupima masikio ya watu: anakuweka kwenye kijumba kisichoingia kelele, anakuvisha spika za masikioni, anakupigia sauti ndogo ndogo, wewe unainua mkono ukisikia. Alikuwa mpole, anaongea chinichini, anacheka kwa macho. Dada Gundi alimtafuta kasoro siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, asiione, na hilo lenyewe likamkera.

Jumapili ya nne, katikati ya wimbo, wifi yake akainamisha kichwa upande.

"Wifi," akasema, "hivi inazunguka sawasawa? Naisikia kama inayumba."

"Iko hivyo siku zote," Dada Gundi akajibu.

"Labda mkanda umelegea."

Dada Gundi hakujua kwamba kinanda kina mkanda. Miaka yote alijua kinazunguka, basi. Akajifanya hamnazo, akageuza santuri upande wa pili.

Wiki iliyofuata mkanda ulikuwa mpya. Iliyofuata tena, spika ambazo tangu enzi ya baba zilikaa sakafuni nyuma ya kochi, moja ikiwa imebebeshwa chombo cha maua, zilikuwa zimesogezwa mbele na kuinuliwa juu ya vigoda, zinatazamana na wasikilizaji. Kisha kinanda kikawekwa juu ya kipande cha jiwe la kaunta ili kisitikisike mtu akipita. Kisha ikaja sindano mpya. Siku ya sindano mpya Kitinda aliruka kutoka kwenye kochi.

"Dada! Sikia! Kumbe kuna mtu anapiga njuga hapo nyuma!"

Dada Gundi alikuwa akiusikiliza wimbo huo tangu hajaota meno ya pili, na njuga hakuwahi kuzisikia. Sasa alizisikia. Zilikuwa ndogo, kavu, zinaingia kwa zamu baada ya ngoma, na zilikuwa nzuri jamani, nzuri kabisa. Wimbo wa baba yake ulikuwa umefunguliwa mbele yake na mtu wa juzi.

"Zimekuwepo siku zote," akasema.

"Mimi sikuwahi kuzisikia," Kitinda akasema, akimtazama mkewe kama aliyezipiga njuga hizo yeye. "Mke wangu, wewe ni noma."

Wivu ni kitu cha ajabu. Mtu anaweza kulala njaa asilalamike, lakini jirani akinunua sufuria, usingizi hauji. Dada Gundi alirudi nyumbani siku ile anahesabu: ni mara ngapi katika miaka sita Kitinda alimwambia yeye kuwa ni noma? Hakuna hata moja. Nani alizijalidi santuri? Nani alizifuta vumbi, moja moja, kwa kitambaa cha pamba? Lakini sifa zilikwenda kwa aliyenunua sindano.

Ugomvi ulikuja kwenye kifungo. Juu ya kichwa cha mkono wa kinanda, pale sindano inapochomekwa, baba yao alikuwa amebandika kwa gundi kifungo cha chuma cha koti lake la kazi. Enzi hizo sindano ilikuwa inarukaruka, naye akaipa uzito itulie. Watoto walikua wakikiona pale, wakaamini kinanda hutoka dukani na kifungo. Sasa Dada Gundi alifika akakikuta kimebanduliwa, kiko kwenye kisahani cha chai.

"Nani amekitoa?"

"Mimi, wifi," mke wa Kitinda akasema. "Sindano hii mpya haitaki uzito. Inaweza—"

"Hicho ni cha baba."

"Dada, ni kifungo tu," Kitinda akasema.

Kifungo tu! Dada Gundi alikitia ndani ya mkoba wake. Sindano ikashuka, wimbo ukatoka mwororo kuliko siku zote, na Kitinda akauliza, "Unaonaje, dada? Tofauti si kubwa?"

"Mimi sisikii tofauti yoyote."

Hapo wifi yake, kwa moyo mweupe kabisa, akafanya kosa. "Ukipata nafasi, wifi, pita kazini nikupime," akasema. "Tukifika umri fulani, sauti nyembamba ndizo zinazoanza kupotea. Dakika kumi tu, hata haiumi."

Umri fulani! Dada Gundi alikuwa na miaka arobaini na tisa. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini hili lilikuwa limechaguliwa, aliona yeye, likapimwa na kushonwa kwa saizi yake. Alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Bado angevumilia. Kilichomvunja ni Jumapili iliyofuata, alipofika mlangoni na mfuko wake, saa tisa kamili, akasikia muziki tayari unapigwa ndani.

"Karibu, dada!" Kitinda akamfungulia, uso umejaa furaha. "Tumenunua yetu moja. Tukasema tukukaribishe nayo."

Santuri moja. Ilikuwa imeegemezwa ukutani ndani ya jalada lake la dukani linalong'aa. Dada Gundi alikaa na mfuko mapajani asiufungue mpaka wimbo uishe, na katika dakika hizo aliyaona yote yanayokuja. Leo moja, kesho kumi, mwakani mia. Mwenye kinanda akishapata santuri zake, mwenye santuri ni wa nini? Atakuwa mgeni. Atakaribishwa chai, ataulizwa habari za kazi, na saa kumi na moja ataangaliwa kwa macho ya kuagwa. Jumapili ndiyo siku pekee aliyokuwa mtu, na ilikuwa inamponyoka hivi hivi anaiona.

Jumatatu alitoa akiba yake, akaenda kwa fundi redio.

"Nataka kinanda," akamwambia, "kinachozidi."

"Kinachozidi nini, mama?"

"Kinachozidi."

Fundi redio alikuwa mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa waya. Alimtafutia kinanda kilichotumika lakini kizima, amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, na spika mbili ndefu zilizofika kiunoni. Akaja kuvifunga mwenyewe. Dada Gundi hakukubali kushindwa na kipande cha jiwe: alileta kutoka kiwandani bamba la chuma la shinikizo bovu, akaliweka juu ya meza, na kinanda juu yake. Fundi akaupima mkono kwa mizani ndogo kuliko sanduku la kiberiti, akasogeza, akapima tena.

"Gramu mbili," akasema. "Hapo usipaguse, mama."

Akaondoka. Dada Gundi akafunga mlango, akafungua mkoba, akatoa kifungo.

Hebu tumwelewe. Kwake yeye kinanda kisicho na kifungo kilikuwa kama saa isiyo na mishale. Na hata kama angekuwa na shaka, wifi alisema kitoke. Basi hapa kwake kitakaa. Akakibandika kwa tone la gundi, kwa ustadi wake wote, katikati kabisa.

Aliposhusha sindano, chumba kilijaa. Mwimbaji wa kike, yule baba yake aliyempenda, alikuwa kama amesimama kati ya kitanda na kabati. Dada Gundi alisikia mpaka anavyovuta pumzi. Njuga? Alizisikia njuga na mwenye njuga. Alicheka peke yake, akapiga makofi, akageuka kusema "Sikia!" na kochi halikuwepo, wala mtu wa kuvua viatu. Akageuka tena. Si neno. Alikuwa amewazidi, na hicho ndicho alichokitaka.

Jumapili hiyo alipiga simu akasema mgongo unamuuma. Jumapili ya pili mgongo ukamuuma zaidi. Husemwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aliyeyazua maradhi hakuachiwa methali, kwa hiyo Dada Gundi alidanganya bila woga, akashinda ndani na santuri zake. Alianza na nne alizozipenda kupita zote, akazirudia na kuzirudia, baadaye akaongeza nyingine mpaka zikafika kumi na moja, huku akiwaza kule mitaa mitatu mbali watu wawili wamekaa na santuri yao moja kama waliosusiwa. Wazo hilo lilimpendeza kuliko muziki.

Katikati ya wiki, sauti ya mwimbaji ikaanza kukwaruza. Kwanza kwenye herufi za mwisho wa maneno, kisha mfululizo, kama mtu anayeimba na mchanga mdomoni. Akabadilisha santuri. Hiyo nayo. Akabadilisha tena. Akamwita fundi redio, yuko juu juu, tayari kumgombeza kwa kumuuzia kitu kibovu.

Fundi aliinama, akavua miwani, akaivaa.

"Mama, hiki nini?"

"Cha uzito."

"Nani alikwambia?" Hakungoja jibu. Aliuinua mkono juu, akamwonyesha sindano: imepinda, imelala ubavu kama msumari uliopigwa vibaya. "Hii inabeba gramu mbili. Wewe umeitwisha kifungo. Imekuwa jembe, mama. Inailima santuri, kila ukipiga inalima." Akaichukua moja akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, michirizi ilikuwa imeota weupe. "Sindano nitakubadilishia. Hizi ndiyo basi tena."

"Hata zikioshwa?"

"Hata zikioshwa."

Maji yakimwagika hayazoleki. Dada Gundi alikaa kitandani na zile kumi na moja zimemzunguka. Alilia, na asidanganye mtu kwamba alimlilia baba peke yake. Alilia kwa sababu wifi yake alisema, na wifi yake alikuwa sahihi, na siku wifi yake atakapojua, atasema kwa sauti yake ya chinichini, "Pole, wifi," na hiyo pole itamuua.

Hasidi hana sababu, lakini hakosi akili. Kufika Ijumaa alikuwa na njia. Kinanda kilichochezewa kila kukicha kilikuwa cha nani? Nani aliyebadilisha sindano, akatoa kifungo, akasogeza hiki na kile? Santuri zinaweza kuharibikia popote. Jumapili alitia kwenye mfuko nane kati ya zile zilizokufa, akazifuta vumbi kwa kitambaa cha pamba, akavuka mitaa mitatu.

"Mgongo?" Kitinda akamuuliza mlangoni, akimpokea mfuko.

"Afadhali."

"Tumekungoja, dada. Hii yetu moja tumeshaichoka mpaka basi." Alikuwa anavua viatu tayari. "Anza na ule wa baba."

Wifi yake alimletea kiti chenye mto wa mgongo. Dada Gundi alikaa, akainuka, akaiweka santuri, akashusha sindano.

Mwimbaji akaanza kuimba na mchanga wake mdomoni. Kitinda alifumbua macho. Aliacha mistari miwili ipite, akainuka, akaisogeza spika, akarudi. "Mbona hivi? Weka nyingine, dada." Akaweka nyingine. Mbaya zaidi. Ya tatu walikuwa bado hawajafika katikati Kitinda akamgeukia mkewe.

"Umefanya nini tena?"

"Sijafanya kitu," mkewe akasema.

"Hujafanya kitu! Kila siku mkono wako uko humo ndani. Mara mkanda, mara sindano. Kilikuwa kinaimba vizuri tangu enzi ya marehemu, umekuja wewe na masikio yako, sasa ona! Unaziharibu santuri za dada yangu!"

Santuri za dada yangu. Miezi yote Dada Gundi alikuwa akilingoja neno hilo, na lilikuwa tamu kama alivyofikiri. Aliangalia sakafu ili wasimwone uso. Kitinda aliendelea, sauti juu, akataka kila kitu kirudi kama zamani, sindano ya zamani, spika chini, na Jumapili zao zirudi za watu wawili kama ilivyokuwa. Alisema hivyo hasa: za watu wawili.

Wifi yake alipiga magoti mbele ya kabati, akavuta droo, akaanza kuitafuta sindano ya zamani ndani ya bahasha. Dada Gundi alimtazama mgongo. Ile santuri yao moja ilikuwa pale pale, imeegemea ukuta, kunyoosha mkono tu na kuifikia. Angeiweka, ingeimba safi, na shauri lingekwisha hapo hapo. Mtu wa masikio kama yake hakuweza kutolijua hilo. Kwa nini haiweki? Dada Gundi alingoja aiweke. Alianza hata kutamani aiweke, wagombane, yaishe. Mwanamke alizidi kufungua bahasha moja baada ya nyingine, na Kitinda amesimama juu yake.

"Mwache," Dada Gundi akasema. "Kaa chini, wifi. Sindano yako haina kosa."

"Una maana gani?" Kitinda akauliza.

"Nimeziharibu mimi. Nyumbani."

"Nyumbani kwa nini? Huna kinanda."

"Ninacho."

"Tangu lini?"

"Tangu mgongo uliponiuma."

Kitinda alikaa. Ilimchukua muda kuyapanga, Jumapili ya kwanza, ya pili, simu, mgongo, na yalipojipanga akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Umeharibu ngapi?"

"Kumi na moja."

"Si santuri zinazoniuma, dada. Santuri ni zako," akasema. "Ulikuwa nacho wiki mbili na hukutuita? Na leo umezibeba mpaka hapa, nimgombeze mke wangu?"

"Ndiyo."

Alingoja wifi yake aseme pole. Wifi yake alirudisha bahasha kwenye droo, akaisukuma ikafunga, akabaki palepale chini.

"Mimi nilijua," akasema.

Wote wawili wakamtazama.

"Jumapili ya pili nilikuja kukuona mgonjwa. Nilikuletea dawa ya kuchua. Nilifika mpaka mlangoni, nikasikia unapiga." Aliongea chinichini kama kawaida yake. "Nilisikia na sindano inavyolemewa. Nilijua inaziua. Nikarudi, nikamwambia mume wangu nimekukuta umelala."

"Ulisikia?" Dada Gundi alisema. Hata kosa lake mwenyewe wifi yake alikuwa amelijua kabla yake, na kijicho kikamchoma hapo hapo, kwa mazoea. Kisha akaelewa maana ya Jumapili ya pili. Mpaka siku hiyo alikuwa amezipiga santuri nne tu; zile saba zingepona. "Ulisimama mlangoni, ukasikia, na hukugonga?"

"Niliinua mkono nigonge, wifi. Nikaona ukinikuta mimi hapo nje, utaona nimekuja kugusa na chako."

"Ungegonga," Dada Gundi akasema, "ningekufungulia."

Wifi yake alifikiri kidogo.

"Hapana, wifi," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Usingefungua."